Upasuaji wa matundu kwa kano za kifundo cha mguu: unapofaa na unapokwama

Wengi wanauchagua upasuaji wa matundu, yaani ule wa kutoboa tundu dogo badala ya kupasua mpasuo mrefu, kwa sababu ya kovu dogo. Kovu si kipimo kizuri. Kinachoamua kama utakusaidia ni kano gani inauma na imeharibika kiasi gani.

Mahali unapofanya kazi vizuri kuliko kwingine ni kwenye zile kano mbili zinazopita nyuma ya jicho la mguu la nje. Daktari hutoboa tundu moja sentimita 2 hivi chini ya jicho la mguu na jingine sentimita 2 au 3 juu yake. Kupitia hapo huingiza kamera yenye unene wa milimita 2.7, huku maji ya chumvi yakiitanua ala ya kano, yaani mfuko mwembamba unaoizunguka. Kisu kidogo kinachozunguka huondoa utando uliovimba, na nyama ya msuli ikiwa imeshuka chini mno na kubana nafasi. Kama tatizo lilikuwa hilo tu, mgonjwa hukanyaga mguu ndani ya siku chache na nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Kwa shida ya aina hii, tunaupendekeza bila kusita.

Hapo hapo ndipo kosa hufichika. Kati ya kano hizo mbili, ile fupi imelalia mfupa, na mara nyingi huchanika kwenye uso unaousugua mfupa huo. Kamera ikitazama kwa juu tu, kano huonekana nyeupe, nyororo na nzima. Lazima iinuliwe kwa chuma kidogo na kuzungushiwa kamera ili chini yake paonekane. Mchaniko ukiwa chini ya nusu ya unene, hukatwa sehemu mbovu na kano ikashonwa iwe mviringo tena. Ukizidi nusu, kwa kawaida kano hiyo huunganishwa na jirani yake. Kazi hizo mara nyingi hudai mpasuo wa sentimita kadhaa, kwa hiyo fomu ya ridhaa isiyotaja uwezekano wa kufungua zaidi ina kasoro.

Kano ya Achilles, ile nene ya nyuma ya kisigino, ikikatika ni habari nyingine. Kushona kwa sindano kupitia ngozi kulielezwa na madaktari Ma na Griffith mwaka 1977, na faida yake kubwa mpaka leo ni kwamba kidonda huoza au kugoma kufunga mara chache kuliko kwa mpasuo mrefu. Hasara yake ni neva. Kuna neva ya hisia inayovuka ukingo wa nje wa kano hii takriban sentimita 10 juu ya mfupa wa kisigino, na uzi ukiinasa, upande wa nje wa wayo hufa ganzi au huwaka kama moto. Muulize daktari anaikwepaje. Vifaa vinavyopitisha nyuzi ndani ya ala hupunguza hatari hiyo. Muulize pia anavyokadiria urefu wa kano kabla ya kukaza fundo. Ikipona ikiwa ndefu, kusimama kwa vidole vya mguu huo kutakushinda, hata kovu likiwa halionekani kabisa.

Usichelewe. Baada ya wiki mbili hivi ncha huwa zimejivuta na pengo limejaa kovu, na njia ya sindano haifai tena. Na tundu dogo haliharakishi kano kuunga: buti lenye vipande vya kuinua kisigino huvaliwa wiki 6 hadi 8, na michezo ya kukimbia husubiri miezi 6 au zaidi.

Kwa kano inayopita nyuma ya jicho la mguu la ndani, jaribu kusimama kwa mguu mmoja na kuinua kisigino. Ukishindwa, na wayo umelala bapa, kusafisha kwa kamera peke yake ni kupoteza muda. Mifupa nayo inahitaji kunyooshwa.

Kwa maumivu ya muda mrefu ya Achilles isiyokatika, fanya kwanza wiki 12 za kushusha kisigino polepole ukingoni mwa ngazi, mara 15 kwa seti tatu, asubuhi na jioni, goti likiwa limenyooka, kisha vivyo hivyo likiwa limekunjwa. Mtajie daktari dawa ya kuua bakteria iitwayo ciprofloxacin au sindano ya steroidi kama umewahi kupata, kwani zote mbili zinaweza kudhoofisha kano. Na baada ya upasuaji wowote kati ya hizi, shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo: huenda damu imeganda.