Darasa la Jumamosi juu ya baraza la wilaya ya Uingereza: limefundishwa vizuri, ila somo la fedha limepunjwa

Kuna kituo cha kujisomea katika komini ya Lubumbashi, mojawapo ya sehemu za utawala za mji wetu hapa Kongo, si mbali na katikati ya mji, ambacho huendesha mafunzo mafupi ya utawala wa mitaa kila Jumamosi asubuhi. Awamu iliyomalizika hivi karibuni ilihusu jambo moja tu, yaani historia na sura ya kisiasa ya baraza la wilaya ya South Cambridgeshire, huko Uingereza. Niliihudhuria yote. Ninayapendekeza mafunzo haya kwa kila anayefundisha elimu ya uraia na kwa kila anayekaa katika baraza la komini, lakini yana upungufu mmoja mkubwa ambao wenye kituo wanapaswa kuusikia.

Wapo waliouliza kwa nini tusome baraza la mbali namna hiyo, na jibu la mwalimu lilinitosha. Wakaaji wa mji huu, ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville, walipiga kura za komini kwa mara ya kwanza Desemba 1957, pamoja na wenzao wa Léopoldville (Kinshasa ya leo) na Jadotville (Likasi ya leo). Baada ya hapo mfululizo ulikatika, na washauri wa komini, yaani madiwani wetu, tulio nao leo wametokana na kura ya tarehe 20 Desemba 2023, siku ambayo tulichagua pia rais na wabunge. Kwa uchaguzi mmoja mtu hawezi kuona viti vikihama kutoka chama hadi chama, wala hawezi kupima ni nini kilichovihamisha. Kwa hiyo ilibidi tuazime baraza lililopigiwa kura kwa nusu karne.

Somo la kwanza lilianzia kwenye sheria ya serikali za mitaa ya 1972, iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 1974 na kuziunganisha wilaya mbili za mashambani, Chesterton na South Cambridgeshire ya zamani. Ramani iliyobandikwa ukutani ilionyesha jambo ambalo maelezo matupu yasingelifikisha: wilaya hiyo inauzunguka mji wa Cambridge pande zote, ilhali mji wenyewe una baraza lake. Kwa miaka mingi ofisi kuu za wilaya zilikuwa ndani ya Cambridge, maana yake nje ya eneo lake lenyewe, mpaka zilipohamia Cambourne mwaka 2004. Cambourne ni makazi mapya yaliyoanza kujengwa mwaka 1998 katika ardhi ya mashamba, na mwalimu alifanya vema kutuambia tuyakumbuke, kwa sababu wahamiaji wa makazi ya namna hiyo wangerudi katika hadithi ya kura.

Miongo ya mwanzo ilipitiwa haraka, na sikuona ubaya. Madiwani wasio na chama walikuwa na nguvu kubwa hapo mwanzoni, kisha vyama vikaingia, ikapita miaka mingi bila chama chochote kupata wingi, halafu chama cha Conservative kikashika baraza kuanzia 2007.

Somo la uchaguzi wa 2018 ndilo lililonifanya nione kwamba ada yangu haikupotea. Hadi wakati huo theluthi moja ya viti ilikuwa ikipigiwa kura kila mara, hivyo hasira ya wapiga kura ilifika barazani kwa vipande. Mwaka 2018 mipaka ya kata ilichorwa upya, viti vikapunguzwa kutoka 57 hadi 45, na vyote vikagombewa siku moja. Kila meza ilipewa karatasi kubwa yenye miraba 45 pamoja na chaki za rangi, tukapaka rangi kadiri matokeo yalivyosomwa. Tulipofika mraba wa 23 wa chama cha Liberal Democrats, mwalimu alitusimamisha na kutuuliza ni nini kilichobadilika kati ya mraba wa 22 na huo. Kimya kilikuwa kirefu. Mzee mmoja, mshauri wa komini, ndiye aliyejibu kwamba kuanzia hapo chama hicho kinaweza kuchagua kiongozi na kupitisha bajeti pasipo kumwomba mtu yeyote. Hapo ndipo tukaruhusiwa kuendelea hadi 30, tukawapakia Conservative 11, Labour 2 na wasio na chama 2. Uchaguzi wa 2022 ulipakwa kwenye karatasi ya pili: Liberal Democrats 37, Conservative 8, basi.

Sababu nazo zilielezwa kwa uangalifu. Katika kura ya maoni ya 2016 juu ya Umoja wa Ulaya, asilimia 60 hivi ya wapiga kura wa wilaya hiyo walitaka Uingereza ibaki, kama walivyotaka Liberal Democrats, na makazi mapya yalikuwa yakileta watu wasio na mazoea ya kisiasa ya vijiji vya zamani. Mwalimu alisisitiza pia kwamba kule anayeongoza kwa kura katika kata ndiye anayechukua kiti, kwa hiyo viti 37 kati ya 45 haviwezi kusomwa kama fungu la kura zote. Sisi katika komini tunagawa viti kwa uwiano wa orodha, yaani kila orodha ya wagombea hupata viti kulingana na kura zake, na tofauti hiyo ilistahili saa nzima ya mazungumzo, ambayo kwa bahati nzuri tuliipewa.

Sasa nije kwenye upungufu. Somo la mamlaka na fedha liliwekwa mwisho, likabanwa na muda. Mama mmoja aliyekaa mbele aliuliza: "Mwalimu, wenye viti 37 wanatengeneza barabara?" Akajibiwa: "Hapana mama, barabara ni za kaunti." Jibu ni sahihi, lakini ndani yake kulikuwa na somo zima lililoachwa. Baraza la wilaya huzoa taka, hutoa vibali vya ujenzi na kushughulikia nyumba, wakati shule, barabara na huduma za jamii ziko mikononi mwa baraza la kaunti ya Cambridgeshire, ngazi iliyo juu ya wilaya. Wilaya ndiyo inayokusanya kodi ya serikali za mitaa inayotozwa kila nyumba (council tax), ila sehemu kubwa ya kodi hiyo hupelekwa kaunti. Asiyejua hayo atadhani kwamba kupaka rangi miraba 30 ni kubadili kila kitu.

Mfano mzuri wa kupima mamlaka ulikuwepo, ukatajwa kwa dakika chache tu. Januari 2023 baraza hilo lilianza majaribio ya wiki ya kazi ya siku nne kwa wafanyakazi wake bila kupunguza mishahara. Mawaziri wa Conservative wakalitaka liache, nalo likaendelea, na Julai 2025 madiwani wakapiga kura ya kuudumisha mpango huo. Hapo ndipo tungejadili hadi wapi baraza dogo linaweza kusimama mbele ya serikali kuu. Tungeweza kuuliza pia kuhusu asilimia 40 ya mapato ya taifa ambayo Katiba yetu ya 2006 inaipa mikoa, na fungu linalopaswa kushuka hadi komini. Washauri wawili walijaribu kuuliza, wakaambiwa muda umekwisha. Waraka wa serikali ya Uingereza wa Desemba 2024, unaotaka kaunti na wilaya ziunganishwe kuwa ngazi moja, uliguswa kwa sentensi moja, ingawa ndio unaohusu uhai wa baraza lenyewe.

Upande wa huduma sina lawama nyingi. Chumba ni safi, ada haimuumizi mwalimu wa shule, na mafundisho ni ya Kiswahili, na Kifaransa hutumika pale sheria zetu zinaposomwa. Karatasi tulizogawiwa ziko wazi, isipokuwa ramani iliyofifia hata jina la Cambridge halisomeki. Atakayejiandikisha awamu ijayo aombe mapema kwamba somo la fedha liwekwe la pili, mara baada ya ramani ya 1974, na akae meza moja na mshauri wa komini akimpata, maana maswali yao ndiyo yaliyotupeleka mbali zaidi.