GlobalGiving kwa ASBL za Lubumbashi: mlango upo, hesabu kwanza

Kwa ASBL (shirika lisilo la faida) ya Katuba au Kamalondo iliyozoea kungoja mfadhili mmoja, GlobalGiving, jukwaa la Marekani la kuchangisha pesa mtandaoni lililoanza 2002, ni chanzo kingine cha pesa. Ila si pesa ya bure.

Kazi kubwa iko mlangoni. Programu yake ya kuingilia, Accelerator, hudai dola 5,000 kutoka kwa wachangiaji 40 tofauti, ndani ya muda uliopangwa. Wengi hukwama kwenye hiyo 40, si kwenye dola: tajiri mmoja akitoa 4,000, bado watu 39 wanatafutwa. Andikeni majina 120 na kuchukua ahadi za watu kabla ya siku ya kwanza. Theluthi moja wakitoa, mmefika kwenye hiyo 40.

Makato ni 5 hadi 12 kwa mia, pamoja na 3 za kuchakata malipo. Kwenye dola 100 zinabaki 85 hadi 92, halafu benki yenu nayo inakata yake.

Kasoro kwetu: wachangiaji hulipa zaidi kwa kadi au PayPal, hivyo mama wa soko la Kenya hapa Lubumbashi mwenye M-Pesa tu msimtegemee. Lengeni ndugu walioko Brussels au Johannesburg.

Wekeni tayari hati za usajili (sheria 004/2001 ya Kongo kuhusu ASBL) na hesabu za mwaka. Ripoti ya mradi ni kila miezi 3, na mtu wa kuiandika kwa Kiingereza apatikane mapema.

Kizuri kuliko vyote ni mchango wa kila mwezi: dola 10 za mtu mmoja ni 120 kwa mwaka.