An American in Paris: miguu hodari, hadithi dhaifu

Niliamua kuitazama An American in Paris kwa sababu ilitwaa Oscar ya Filamu Bora ya mwaka 1951 mbele ya A Streetcar Named Desire na A Place in the Sun, na nikadhani kwamba filamu iliyowashinda wapinzani wazito namna hiyo haikosi uzito wake. Nilichokikuta ni densi za kupendeza mno, zilizofungamanishwa na hadithi ambayo walioitunga wenyewe hawakuonekana kuijali.

Gene Kelly ni Jerry Mulligan, askari wa Kimarekani aliyebaki Paris baada ya vita ili awe mchoraji. Milo Roberts, mwanamke tajiri anayeigizwa na Nina Foch, ananunua picha zake na kumtafutia chumba cha kazi, huku akitumaini kupendwa. Jerry lakini anamtaka Lise, muuza manukato, ambaye ni mchumba wa mwimbaji Henri Baurel, mtu aliyempa hifadhi wakati wa vita. Hapo ndipo penye kisa cha kweli, maana binti anayekubali kuolewa ili alipe fadhila, hali moyo wake uko kwingine, ni jambo ambalo msomaji yeyote wa riwaya zetu analielewa bila kuelezwa. Filamu inalitaja, kisha inakimbilia wimbo unaofuata.

Uchumba wenyewe ulinikera. Jerry amekuja klabu na Milo, lakini anapomwona Lise kwenye meza nyingine anajifanya wanafahamiana, anamvuta wakacheze, anaipata namba yake ya simu bila ridhaa yake, na kesho yake anampigia kazini. Anakatazwa, naye anamfuata dukani. Tunatarajiwa tucheke na kumpenda. Mimi niliona usumbufu tu, hasa kwa kuwa Kelly, aliyezaliwa mwaka 1912, alimzidi Leslie Caron, anayemwigiza Lise, karibu miaka 19, na binti huyo ndiyo kwanza alikuwa anacheza filamu yake ya kwanza. Anapocheza densi, Caron hana mfano. Anapozungumza, hapewi la maana la kusema.

Mtu pekee niliyemwonea huruma ni Milo. Foch anamwigiza kama mwanamke anayejua fika kwamba fedha zake ndizo zinazosikilizwa, wala si yeye, na macho yake yanasema mengi kuliko maandishi aliyopewa. Malipo yake ni kuachwa kwenye dansa la wanasanaa karibu na mwisho, baada ya Jerry kumweleza kuwa anampenda mwingine, na hatumwoni tena.

Kisha inakuja baleti ya mwisho, yenye urefu wa takriban dakika 17, isiyo na neno hata moja, juu ya muziki ambao George Gershwin aliutunga mwaka 1928. Kelly anapita katika Paris iliyochorwa kwa mitindo ya wachoraji Dufy, Renoir, Utrillo, Rousseau, Van Gogh na Toulouse-Lautrec, na rangi zinabadilika pamoja na mwendo wa miguu yake. Karibu filamu nzima ilipigwa studioni kwa MGM huko California, jambo linalochosha katika mandhari ya mitaani, lakini katika sehemu hii uigizaji huo wa mji unakuwa ndio uzuri wenyewe. Tatizo ni kwamba baleti haisogezi kisa hata hatua moja. Inapokwisha, Henri, ambaye aliyasikia mazungumzo ya Jerry na Lise, anamrudisha Lise kwa gari, wawili wanakumbatiana kwenye ngazi, na filamu imekwisha. Uamuzi mgumu kuliko yote umefanywa na mtu mwingine, nje ya macho yetu. Sisi tuliokulia filamu za Kihindi tumezoea nyimbo ndefu kupita kiasi, lakini wimbo ukiisha kwa kawaida kuna kitu kimebadilika.

Cha kushangaza ni kwamba miongoni mwa Oscar sita ilizoshinda, mbali na ile ya heshima aliyopewa Kelly, imo ya hadithi na mswada, iliyokwenda kwa Alan Jay Lerner! Hakuna mwigizaji wake hata mmoja aliyeteuliwa kuwania tuzo, na ya uongozaji Vincente Minnelli aliikosa, ikaenda kwa George Stevens wa A Place in the Sun. Mimi ningeigawa vingine.

Naipa nyota mbili na nusu kati ya tano. Mwenye haraka aangalie mwanzo, Jerry anapokipanga chumba chake kidogo ambamo kitanda huvutwa kwa kamba hadi darini. Kisha I Got Rhythm pamoja na watoto wa mtaani, densi ya ukingoni mwa mto Seine, na ndoto ya Oscar Levant, anayeigiza rafiki wa Jerry, ambamo yeye mwenyewe ndiye mpiga piano, kiongozi wa okestra na mshangiliaji. Baleti aitazame kwenye skrini kubwa, kwa sababu kwenye simu rangi zile hupotea kabisa.