Kijiwe kisichouliza kitabu kinatoka lini

Jumanne iliyopita, saa nane na robo mchana, niliandika sentensi ya mwisho ya mswada ulionikalia kichwani miaka miwili na nusu. Nikazima kompyuta, nikaenda kufua mashuka. Sikujua la kufanya jingine.

Jioni yake nikajizawadia mgahawa mmoja wa pande za Masaki, wenye kiyoyozi na mito kwenye viti. Kahawa shilingi 9,000, juu imechorwa jani kwa povu la maziwa. Tamu, sikatai. Lakini mhudumu alikuja mara tatu kuuliza kama nimemaliza, na mara ya nne akaondoka na kikombe kikiwa bado na funda moja. Sitaki kujumlisha na nauli ya bajaji.

Jumatano nikapeleka flashi steshenari, kurasa 231, nikafungiwa na spairo. Kijana wa mashine akaniuliza, "Dada, hii ripoti ya fildi?" Nikamwambia ndiyo, maana maelezo yangekuwa marefu. Nikatoka na ule mzigo kwapani, mzito kama kilo ya sukari, na nilipokuwa navuka barabara kurudi nyumbani ndipo niliposikia vikombe vinagonganishwa.

Kijiwe chenyewe hakina jina wala bango. Unashuka kituo cha mwendokasi cha Magomeni Mapipa, unaingia mitaa ya ndani, unafuata mlio. Mabenchi matatu chini ya mwarobaini, ubao wa drafti wa vizibo vya soda, birika juu ya makaa, na mzee wa kofia ya kiua ambaye kila mtu anamwita Babu, hata wazee wenzake. Anafungua baada ya alasiri na kufunga birika likikauka. Nimepita njia hiyo miaka sita bila kukaa, kwa sababu mabenchi ya kahawa mtaani kwetu ni ya wanaume. Wanawake tunaleta chupa ya chai, tunajaziwa, tunaondoka. Siku hiyo miguu ilichoka. Nikatoa shikamoo, benchi likanyamaza kidogo, halafu mmoja akajisogeza: "Karibu dada, kaa."

Sasa kahawa. Ni chungu kwelikweli, lakini si uchungu wa kuungua. Unaingia ulimini, unatulia, kisha tangawizi inapanda taratibu kooni kama mtu aliyechelewa kwenye harusi. Babu anatumia buni ya Bukoba, anaikaanga mwenyewe kwake na kuitwanga kwenye kinu. Nilimuuliza kwa nini asiipeleke mashineni. "Mashine inaikaanga mara ya pili," akanijibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Kule Kagera wanalima zaidi robusta, yenye kishindo. Arabika ya Kilimanjaro, kwa mujibu wa Babu, ni kahawa ya wagonjwa. (Wachaga, msinitafute mimi, mtafuteni yeye.) Kikombe shilingi 200, na vikombe ni vile vidogo visivyo na mkono, vya kushika kwa ncha za vidole na kupuliza.

Kashata nazo 200. Chukua za karanga: sukari imeachwa hadi inakaribia kuungua, ikaepuliwa wakati wake, kwa hiyo zinakatika kwa mlio na hazigandi kwenye meno. Za nazi zimezidi utamu na zinashindana na kahawa badala ya kuisindikiza. Bahati mbaya za karanga huisha kabla ya magharibi. Nimemwambia Babu aongeze, akasema mkewe ndiye anayezipika na yeye hapangiwi.

Kasoro zipo. Vikombe vyote vinasuuzwa kwenye ndoo moja, na kufika saa moja maji yale yana rangi ya kahawa kuliko kahawa ya Masaki. Siku ya pili nilikwenda na kikombe changu. Babu hakununa, aliniuliza tu kama nina mafua. Moshi wa mkaa unafuata upepo, kwa hiyo benchi la upande wa ukuta liache. Na robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, jambo nililolijua na bado nikanywa vikombe vitano baada ya isha. Saa nane usiku nilikuwa macho, nimewasha taa, nasahihisha sura ya kwanza, wakati nilikuwa nimeapa kutoigusa mwezi mzima.

Lakini kinachonirudisha pale ni kitu kingine. Tangu Jumanne, kila anayejua nimemaliza ananiuliza kitabu kinatoka lini. Mama anauliza. Jirani anauliza. Niliosoma nao wanauliza kama nitawatumia pidiefu, ya bure bila shaka. Kijiweni wanazungumza Simba na Yanga, bei ya mchele, na nani alimla nani kete kwa hila.

Siku ile ya kwanza nilipigiwa simu na mdogo wangu nikiwa benchini, nikamwambia, "Ndiyo, drafti nimemaliza." Mzee aliyekuwa ubaoni akainua kichwa.

"Umecheza na nani?"

"Peke yangu, baba."

"Peke yako?" Akaweka kizibo chini. "Sasa umemfunga nani?"

Nikafikiria sura ya tisa, niliyoiandika upya mara nne na bado sina hakika nayo.

"Nimetoka sare," nikasema.

Akatikisa kichwa, akaniambia sare ya ugenini si mbaya, akarudi kwenye mchezo wake. Hakuna aliyeuliza zaidi. Ule mzigo wa spairo nilikuwa nimeukalia ili nguo isichafuke, na ulifaa kabisa.

Nendeni na chenji. Noti ya 10,000 Babu anaitazama kama barua ya mahakama. Na kati ya saa kumi na saa kumi na moja, kashata mbili za karanga zilizofunikwa na kisahani pembeni zina mwenyewe.