Nililipia kula na familia ya Andes, nikalishwa hemani

Naanza na hili kabla sijapoa: usinunue safari ya "kutembea milimani na kuishi na wenyeji" kwa wakala wa mjini Cusco, Peru, mpaka akwambie nani atapika, mtakula wapi, na mwenye nyumba atalipwa lini. Mimi nililipa bei yote bila kuomba kupunguziwa. Kwenye tangazo lao kulikuwa na picha ya mama wa Kiquechua, kabila la wenyeji wa milima ya Andes, akimmiminia mgeni supu, wote wawili wanacheka. Mama wa namna hiyo nilimkuta kweli. Supu yake iliwekwa chini, nje ya hema, kwenye nyasi zilizoanza kuganda, na aliyeiweka pale ni mwongoza watalii wetu.

Urefu wa vivuko vya mlimani, kilomita na bei ya vifaa mtavipata kwingine. Tulipita njia ya Lares, wakati wa kiangazi chao, miezi ile ambayo ukiacha maji nje usiku asubuhi unakuta barafu. Wengi hupelekwa huko kwa sababu Njia ya Inka ya kwenda Machu Picchu, yale magofu ya mji wa kale wa Wainka, imejaa. Pale serikali inaruhusu watu 500 tu kwa siku, wapishi na wapagazi wakihesabiwa humo humo, na Februari njia inafungwa mwezi mzima. Ukikosa kibali, wakala anakwambia: chukua Lares, haihitaji kibali kile, na tena utaona maisha ya watu. Mimi niliichagua kwa hayo maisha ya watu. Mlima peke yake usingenitoa nyumbani, maana nimezaliwa Marangu na marehemu baba yangu alibeba mizigo ya wageni Kilimanjaro tangu ujana wake hadi magoti yalipokataa. Nimekulia kwenye nyumba ambayo baba anarudi kutoka mlimani na kitu cha kwanza anachouliza mama ni, "Mlikula?" Kwa hiyo suala la nani anakula nini mlimani, na anakula wapi, kwangu si dogo.

Siku za kutembea zilikuwa nzuri kiasi kwamba nikizikumbuka hasira hupungua, na hilo nalo linaniudhi. Unapanda mabonde yaliyojaa nyasi ngumu wanazoita ichu, unapita maziwa madogo yenye bata bukini weupe, alpaka, wanyama wa sufu wenye shingo ndefu, wanakutazama kisha wanarudi kwenye malisho. Kichwa kiliniuma Cusco, kwa sababu mji wenyewe uko mita 3,400 hivi, lakini kufikia njiani nilikuwa nimeshazoea, nikaenda pole pole kama tulivyofundishwa kwetu. Mizigo ilibebwa na farasi. Aliyewaongoza alikuwa mzee wa kijiji, mfupi, mwenye poncho nyekundu, lile joho lisilo na mikono, na katambuga miguuni, katambuga za matairi kabisa, bila soksi, juu ya theluji nyembamba ya asubuhi. Peru ina sheria ya wapagazi tangu 2001, na kwenye Njia ya Inka mizigo hupimwa mizani ili mtu asizidishe kilo 20. Huku Lares sikuona mizani wala aliyeuliza mzee yule anavaa nini. Nililitaja kwa mwongozaji. Akanijibu kwamba "wao wamezoea." Hapo ndipo nilipoanza kumwangalia vizuri.

Jioni tukafika kwenye nyumba tuliyopangiwa. Kuta za tofali mbichi, paa la nyasi, jiko la udongo pembeni na simbilisi wakikimbizana chini ya miguu. Mama mwenye nyumba alikuwa amevaa nguo zake za sherehe, kofia yenye ukingo uliofumwa, shuka begani limefungwa kwa pini. Alitupokea mlangoni mmoja mmoja kwa mikono miwili. Binti yake, wa umri wa sekondari, alizungumza Kihispania cha shule. Mama yeye alizungumza zaidi Kiquechua. Mimi naishi Uhispania miaka mingi sasa, kwa hiyo na yule binti tulielewana mara moja. Wenzangu wengi walikuwa Wajerumani na Waholanzi, na mwongozaji alituhutubia kwa Kiingereza.

Nikaingia jikoni kusalimia. Sufuria ilikuwa motoni, na binti akanionyesha viazi vya chakula cha jioni: vyeusi, vya zambarau, vyekundu, vingine vimejikunja hata hujui utaanzia wapi kuvimenya. Kulikuwa pia na chuño, viazi vinavyotandazwa nje usiku vigandishwe na baridi ya Juni na Julai, vikakanyagwa kwa miguu kutoa maji, vikaanikwa juani; vikishakauka hukaa miaka. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi. Nilisema moyoni, hiki ndicho nilichokilipia.

Kumbe nje, nyuma ya nyumba, mpishi wa kampuni alikuwa anasimamisha hema la chakula. Meza ya kukunja, viti vya kukunja, kitambaa cha meza, taa. Tukaitwa. Tukawekewa tambi na nyanya za kopo! Mita elfu tatu na mia kadhaa juu ya bahari, ndani ya nchi iliyoipa dunia kiazi, uani kwa mtu mwenye viazi hivyo, tunakula tambi.

Hatujafika katikati, mama akaja. Alibeba sufuria yake ameifungia shuka la kufumwa isipoe, binti nyuma yake na bakuli. Mwongozaji akainuka haraka akasimama mlangoni mwa hema. Akamwambia binti kwa Kihispania, na maneno yake nayakumbuka: "Mwambie mama yako hiki si chakula cha wageni. Wageni wakiumwa tumbo nani atalaumiwa? Rudisheni." Binti hakutafsiri. Alitazama chini. Mwongozaji akaichukua sufuria mikononi mwa mama, akaiweka chini nje, kisha akapunga mkono kuwaondoa, kama mtu anayefukuza kuku kwenye mpunga. Akarudi kukaa, akawaambia wenzangu kwa Kiingereza kwamba mama amekuja kututakia usiku mwema. Wakapiga makofi.

Nilisimama. Nikamwambia kwa Kihispania, na kwa sauti, kwamba nimesikia kila neno na kwamba yule anayemfukuza yuko kwake. Akatabasamu, akaniita señora, yaani mama, akasema ni utaratibu wa usalama wa kampuni na kwamba nimesaini karatasi. Usalama gani? Mahali pale juu maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 90, ndiyo maana viazi hukaa motoni muda mrefu, na supu ile ilikuwa inatokota tangu mchana. Tambi zake zilikuwa bado ngumu katikati. Na kama chakula cha yule mama ni hatari, kwa nini picha ya chakula cha mama kama yeye ndiyo inayouza safari?

Nikaiokota sufuria nikaenda nayo jikoni. Mwongozaji akanifuata hadi mlangoni, akasema hawajibiki nikiugua. Nikamwambia sawa. Nilikaa kwenye ngozi ya kondoo kando ya jiko, mama akanipakulia bila kusema lolote, akaniongezea, akaniongezea tena. Supu ya viazi na kinoa (nafaka ndogo ya kule), majani ya mlimani wanayoyaita muña, jibini kidogo. Sikuugua. Sijala chakula kitamu kuliko kile katika safari zangu zote, na ninalisema hilo nikiwa na akili zangu timamu.

Ndipo binti akaniambia yaliyobaki. Kampuni inawalipa kwa kichwa cha mgeni anayelala, kiasi ambacho hakifiki hata bei ya chakula cha mchana kwenye hoteli ya kawaida Cusco. Chakula hawalipwi kwa sababu chakula "kinaletwa." Na hata hizo za kulala huja msimu ukiisha, wakati mwingine haziji zote. Mama yake hupika kila wageni wanapokuja, kwa sababu mgeni hawezi kulala kwake na njaa, na kila mara sufuria hurudishwa. Mara nyingine hurudishwa kwa adabu. Hayo ndiyo yaliyoniumiza zaidi, kwamba alishazoea na bado alivaa nguo za sherehe.

Watu wa milima hii wana historia ambayo mtu wa Cusco hawezi kudai haijui. Kabla ya mageuzi ya ardhi ya 1969 chini ya serikali ya Jenerali Juan Velasco Alvarado, sehemu kubwa ya Andes ilikuwa mashamba ya mabwana, na familia za Kiquechua zililazimika kupeleka mtu kwa zamu kwenda kutumika nyumbani kwa bwana bila ujira. Wazee wanaoyakumbuka hayo bado wapo. Sasa anakuja kijana mwenye koti la kampuni, anayezungumza Kiquechua kama lugha ya bibi yake, anamfukuza mama kwenye uwanja wake mwenyewe.

Lakini lazima niseme pia hili, maana ni kweli. Kesho yake, karibu na kivuko cha mlimani, mmoja wa wenzangu alianza kuyumba na kutapika. Mwongozaji huyo huyo alimtazama mara moja tu, hakubishana naye, akampa oksijeni, akamshusha yeye mwenyewe hadi bondeni kwa farasi na kumtafutia gari. Ni kazi ya mtu anayejua mlima. Kwetu nimesikia habari za wageni waliokufa kwa sababu kiongozi aliona haya kuwageuza. Kwa hiyo jioni ile nilikuwa tayari kuandika nyota tatu, na kusema kampuni ni salama ila haina adabu, basi.

Nyota hizo nimezifuta, kwa sababu ya jambo la asubuhi ile kabla hatujaondoka, ambalo kila nikikaa kuandika linanirudia. Mwongozaji aliipanga familia mbele ya nyumba kwa picha. Akamwambia mama ashike ile sufuria. Akamwita Mholanzi mmoja, akampa bakuli, akamwelekeza mama amimine. Sufuria haikuwa na kitu. Wakacheka wote wawili, kama kwenye tangazo. Ile sufuria aliyoiweka chini usiku, asubuhi akaipiga picha. Mimi nilitoka kwenye fremu, na binti akatoka pamoja nami.

Nyota moja. Ningeweza kutoweka hata hiyo ningefanya hivyo.

Na bado siwezi kuwaambia msiende Andes kulala kwa wenyeji, kwa kuwa baadaye nilishuka hadi Ziwa Titicaca, nikapanda boti kutoka mji wa Puno hadi kisiwa cha Amantaní, na huko nikaona inavyowezekana. Hapo familia hupokea wageni kwa zamu. Mama aliyepangiwa anakuja gatini na shuka lake jeusi lililotariziwa, anakuchukua, unapanda naye kilima, na unakula anachopika yeye kwenye jiko lake: kinoa, viazi, jibini la kukaanga, chai ya muña. Hakuna hema. Nilimlipa mkononi, na nikamwona akizihesabu. Kisiwa jirani cha Taquile, ambacho ufumaji wake UNESCO iliutambua mwaka 2005, watu wake waliwahi kuendesha boti zao wenyewe na kupanga bei wenyewe, mpaka miaka ya 1990, serikali ya Alberto Fujimori ilipofungua biashara hiyo na kampuni za Puno zikaingia kwa nguvu. Wanapambana hadi leo kurudisha walichokuwa nacho. Kwa hiyo hata huko ukipanda boti uliza ni ya nani. Anayeshika usafiri ndiye anayeshika pesa, na sisi wa Kilimanjaro hilo hatuhitaji kufundishwa.

Niliporudi niliwaandikia wakala barua ndefu. Walijibu haraka, kwa upole mwingi, wakanipa punguzo la safari ijayo. Hawakumtaja mama hata mara moja. Nikawajibu kwamba punguzo wabaki nalo. Wamlipe yule mama pesa za wageni wote waliolala kwake, walipie chakula anachopika, na waondoe picha kwenye tangazo. Hadi naandika haya picha ipo, jibu halipo.

Anayekwenda Cusco msimu huu na anataka kufika kwenye nyumba ile bila kupitia kwao aniandikie pembeni, nitamwelekeza gari la kupanda na mahali pa kushukia. Abebe sukari, chumvi na majani ya koka, ndivyo mgeni anavyoingia kwenye nyumba za kule, na amlipe mama mwenyewe kabla ya kulala. Akiletewa sufuria, aipokee kwa mikono miwili.