Karata za miungu ya Kihindu: picha tamu, ila Ganesha kaongezewa pembe

Nina kibanda cha uchapaji hapa Makole, Dodoma: kadi za michango ya harusi, vitabu vya risiti, mihuri. Kwa hiyo nilipozikuta karata za taroti, zile watu wanazopigia ramli, zenye miungu ya Kihindu kwenye duka moja Kisutu, Dar, sikuanza na miungu. Nilikunja moja kidogo, nikaiachia. Ikarudi. Karatasi nzito, kona zimekatwa mviringo safi, wino haujavuja hata pale kwenye ulimi mwekundu wa mungu wa kike Kali. Nikalipa 90,000.

Nilirudi nazo na treni ya SGR, wiki haijaisha zikawa zimejikunja kama majani ya mahindi Oktoba. Hilo nilitegemea. Karatasi iliyozoea unyevu wa pwani ukiileta kwenye ukame wetu inapoteza maji, na laminesheni ya mbele ikiwa nzito kuliko ya nyuma, lazima ivute upande mmoja. Zilaze chini ya rimu tatu za A4 usiku kucha, zitanyooka.

Sasa picha. Taroti ina karata 78: 22 kubwa, na 56 zilizogawanywa mafungu manne, kama sisi tunavyogawa kopa, uru, shupaza na pau. Kwa kawaida mafungu yake ni fimbo, vikombe, panga na sarafu. Mchoraji wa seti hii kachukua vitu vinne anavyoshika mungu Vishnu mikononi. Fimbo imekuwa rungu. Kikombe kimekuwa kombe la baharini, lile linalopulizwa kama baragumu. Upanga ni chakra, kisahani chenye makali. Sarafu ni yungiyungi, na hapo nilimvulia kofia, maana Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, husimama juu ya ua hilo huku sarafu zikimiminika kiganjani. Karata ya Nguvu, ambayo kwingine ni mwanamke na simba, hapa ni Durga, mungu wa kike wa vita, kampanda simba wake. Ya 21, Ulimwengu, mchezaji ngoma ndani ya shada, ni mungu Shiva anacheza ndani ya duara la moto, mguu mmoja kamkanyaga mbilikimo wa ujinga. Hiyo ningeichapa bango zima.

Lakini Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo! Kachorwa na pembe mbili nzima. Nilipokuwa kijana wa kutumwa, nilifanya kazi kwenye duka la madaftari la familia ya Kigujarati hapa mjini. Juu ya droo ya hela kulikuwa na kalenda ya Ganesha, panya miguuni. Bibi wa duka, tulimwita Baa, aliniambia pembe moja kaivunja mwenyewe iwe kalamu, apate kuandika Mahabharata, utenzi mrefu wa Kihindu, bila kukatiza. Ndiyo maana huitwa Ekadanta, mwenye jino moja. Huyo kwangu ni mlezi wa wachapaji wote, halafu mtu anamrudishia pembe!

Kijitabu nacho kinadai hii ni elimu ya siri ya India ya kale. Wapi. Taroti ilianza kaskazini mwa Italia karne ya 15, mchezo wa karata tu. Ramli ilikuja baadaye sana, Ufaransa, karne ya 18. Wahindi wana karata zao, ganjifa, za mviringo, na seti ya avatari kumi za Vishnu, yaani maumbo anayoshuka nayo duniani, ina karata 120. Hizi ni ndoa ya mchoraji. Ndoa nzuri, lakini asitudanganye ukoo.

Mimi sipigi ramli. Dada wa miamala jirani yangu aliziona mezani: "Fundi, kumbe siku hizi unaagua? Niangalizie huyu bwana." Mama watoto kasema hazilali ndani ya nyumba yake, kwa hiyo zinalala dukani, kwenye kabati la wino.

Nilipozihesabu nilikuta 78 kamili, ila kombe la nane lipo mara mbili na la saba halipo. Muuzaji nimempigia mara tatu, kila mara anasema, "Kesho bosi, naiweka kwenye basi." Mwezi wa pili huu.