Tela la kukodi na msumari wa nchi sita

Mnaotaka kukodi tela Mtwara mlivute kwa gari dogo, someni hii kwanza. Wiki kadhaa zimepita na hasira haijanishuka.

Nilikuwa namhamisha dada yangu kutoka Lindi. Pesa nimelipa bila kuomba punguzo. Nikamuuliza kijana wa yadi, "Mdogo wangu, minyororo iko wapi?" Akacheka. "Mzee, tela hili limebeba magunia ya korosho msimu mzima, vyombo vya mama mmoja ndivyo vilishinde?" Akafunga kamba ya katani, mafundo mawili, akalipiga bodi kofi kama anaaga punda. Pini ya kiungo, pale tela linapoungana na gari, haikuwepo. Palikuwa na msumari wa nchi sita uliokunjwa. Niliuona. Ndiyo, niliuona nikaondoka nao.

Narudi nimepakia, kwenye mteremko wa kuingia Mikindani tela likaanza kutikisa mkia. Kushoto, kulia, kila mara zaidi, mpaka nyuma ya Noah yangu ikawa inachezacheza. Nikakanyaga breki, kosa kubwa. Unaachia mafuta taratibu na kushika usukani unyooke, basi. Kishindo! Kamba ikakatika kama uzi, mkono wa tela ukachimba lami, cheche zikaruka, tela likaenda kulala kwenye nyasi. Minyororo miwili iliyopishana chini ya kiungo ingeudaka ule mkono kabla haujagusa barabara. Ndiyo kazi yake, si urembo.

Nikampigia yule kijana wa yadi. Salamu sikutoa. Akaja na bodaboda, pole hakusema, akachungulia mzigo: "Friji umeiweka nyuma kabisa, mzee?"

Hapo ndipo aliponiudhi kuliko yote, maana alikuwa sahihi. Kizito kinakaa mbele kidogo ya ekseli, ili kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote iilalie ndoano ya gari. Mimi friji niliitia mwisho ili iwe ya kwanza kushuka. Lakini nani alipaswa kuniambia? Na minyororo kumbe alikuwa nayo! Aliitoa kwenye mfuko wa salfa, mipya, inang'aa, pamoja na pini.

Tukapakia upya, na toka hapo hadi Mtwara tela lilitulia kama halipo. Lenyewe ni zuri, nisiseme uongo. Matairi mazima, taa za breki zinawaka. Pengine nitalikodi tena, ila awepo mtu mwingine yadini.

Amana yangu bado anayo. Msumari wake ninao mimi.